Kiti cha Nyuma Kina Mwenyewe

Jua limeshachomoza lakini vumbi la barabara bado limelala. Mwanamume mrefu, mwembamba, anasimamisha baiskeli chini ya mlima, anashika usukani kwa mkono mmoja na kugeuka nyuma. Nyuma hakuna mtu. Anashuka na kuanza kusukuma.

"Hapa ndipo alipokuwa anashuka," anasema, kama mtu aliyefumaniwa. "Mlima huu baiskeli haitupandishi wawili. Mimi nasukuma kwa mbele, yeye anasukuma kwa nyuma, na bado ananisema kwamba sisukumi. Sasa miguu inasimama yenyewe. Nimeacha kubishana nayo."

Vijiji vya bondeni vinamwita Makali, kwa sababu ananoa visu. Jina halifanani naye hata kidogo. Ni mpole kiasi kwamba hata kuku hawaoni sababu ya kumpisha njia.

Ana miaka sitini na mitatu, na viangazi ishirini na saba amevimalizia juu ya baiskeli hii. Safari moja, kwenda na kurudi, ni kilomita zipatazo arobaini, kupita mashamba yaliyokwisha kuvunwa, majani yaliyokauka mpaka yanalia yakikanyagwa, na mto ambao wakati huu ni mchanga mtupu. Hauna daraja. Anaibeba baiskeli begani na kuvuka kwa miguu. Mvua zikianza, mto hujaa na njia inafungwa hadi kiangazi kingine.

Mashine yake ni baiskeli hiyohiyo. Akipata kivuli anaiinua kwa stendi ya chuma, gurudumu la nyuma likabaki hewani, anafunga mkanda unaozungusha jiwe la kunolea lililo mbele yake, kisha anapanda na kupiga pedali. Cheche zinaruka, jasho linamchuruzika, na haendi popote. Watoto wa kila kijiji huona hicho ndicho kichekesho kikubwa kuliko vyote duniani.

Baiskeli haikuwahi kuwa na kengele. Haikuihitaji, kwa sababu kwenye kiti cha nyuma alikaa mkewe.

Vijijini humwita Bi Kengele. Yeye ndiye aliyekuwa anaita watu, kwa sauti iliyovuka mashamba mawili na kumwamsha aliyelala la tatu: "Visu! Mapanga! Mikasi! Leteni kabla hamjajikata!" Alipita mlango kwa mlango kukusanya vyuma, akampelekea mumewe chini ya kivuli, akavirudisha vikiwa vimepata. Kisu alikikumbuka kama wengine wanavyokumbuka sura ya mtu.

Kiangazi cha mwaka juzi aliteleza kwenye sakafu ya bafuni, nyumbani kwao, nyonga ikavunjika. Amepasuliwa, amelala miezi, amejifunza kutembea upya kwa magongo mawili, na sasa anatumia moja. Lakini safari hajaenda tena.

Mumewe alianza kwenda peke yake. Kiangazi cha kwanza kilikuwa vichekesho na machozi. Aibu humshika akifungua mdomo mbele za watu, kwa hiyo alinunua kengele. Akaipiga kijiji kizima, hakuna aliyetoka. Walidhani ni baiskeli inayopita tu.

Hata vyuma alivipata kwa shida, na alivyovipata alivichanganya. Kisu kikubwa cha bucha alikipeleka kwa muuza mboga. Mwenye bucha akabaki na kijisu cha kumenyea vitunguu, akashinda nacho mbele ya ng'ombe mzima.

"Nilimwambia, shemeji, mimi sina ugomvi na wewe," anakumbuka mwenye bucha huku akicheka. "Ila kamlete dada yetu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Wote bondeni humwita shemeji. Bi Kengele wamemfanya dada yao, basi mumewe hakuulizwa. Na kila mlango, kabla ya salamu kuisha, swali ni lilelile.

"Shikamoo, shemeji. Dada yuko wapi?"

"Marahaba. Yupo, anaendelea."

"Lini utamleta?"

"Karibuni."

Jibu hilo amelitoa mara nyingi hata anaona haya kulitamka. Mapato yameshuka hadi nusu ya zamani, na kisu kimoja kilichonolewa hakinunui hata mkate. Lakini ukimsikiliza utagundua si fedha inayomtesa.

"Njia ni ndefu mno," anasema. "Zamani sikuijua kuwa ndefu. Alikuwa anaongea. Anaona ng'ombe anamtolea historia, anapita nyumba anasema hawa wamegombana leo, angalia nguo zilivyoanikwa. Mimi nilikuwa naitikia tu, 'Mm, mm.' Sasa namkumbuka mpaka kifua kinauma. Naona kitu, nageuka kumwambia, hayupo, na mimi wala si msemaji. Sasa ningesema."

Kiti cha nyuma bado kina mto wa sponji alioushona mkewe. Makali habebi kitu juu yake. Vyuma vyote anavining'iniza kwenye usukani, jambo linaloifanya baiskeli iyumbe kama mlevi. Jua linapokuwa kali, wasafiri wa miguu humwomba msaada. Huwagawia maji yake, huwasindikiza akisukuma baiskeli ikibidi, lakini kukaa hapana.

"Kiti kina mwenyewe," huwajibu.

Binti yao, ambaye ni fundi cherehani, alidhani amepata dawa. Alipendekeza mama yake arekodiwe kwenye simu, na baba afunge spika ndogo kwenye baiskeli. Sauti ingeita, watu wangetoka, kila mtu angefurahi. Makali alikubali palepale. Mama akakataa katakata, wakanuniana nyumba nzima.

"Nilitaka sana," Makali anakiri. "Wala si kwa ajili ya wateja. Nilitaka nimsikie njiani."

Bi Kengele yuko uani, amekaa kwenye stuli, gongo limeegemea ukuta. Ana miaka sitini na macho yasiyopitwa na kitu. Anapoulizwa kwa nini alikataa, anamtazama kwanza mumewe, ambaye amerudi jioni hii na vumbi mpaka kwenye kope, akinawa mikono upande wa pili wa ua.

"Nilijua anachotaka," anasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni nadra. "Ndiyo maana nilikataa. Angezoea. Mtu akizoea sauti, mwenye sauti anaweza kukaa nyumbani hata milele. Mimi nataka anikose. Akinikosa atanirudia na ile baiskeli."

Na ndivyo ilivyo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika zahanati amesema mama anaweza kupanda baiskeli siku atakapoweza kukaa wima bila kuegemea, kwa muda wa kufika kijiji cha kwanza. Ni chini kidogo ya saa moja. Wao hawahesabu kwa saa. Wanahesabu kwa visu.

Kila jioni Makali anaiinua baiskeli uani kwa stendi yake. Anamsaidia mkewe kupanda kiti cha nyuma, anafunga mkanda, anaanza kunoa visu vilivyobaki vya siku hiyo. Mwanzo wa kiangazi mkewe alimudu kukaa kwa kisu kimoja, akashushwa analia. Leo wamefika cha saba. Vinahitajika kumi, na mawingu yameanza kukusanyika upande wa milima.

"Tukiwahi, tunakwenda kijiji cha kwanza tu na kurudi," anasema Makali. "Mto hatutauvuka. Huo tutauvuka kiangazi kijacho."

"Mwambie pia huyu mwandishi nani atasukuma mlimani," anasema mkewe.

"Mimi."

"Umesikia? Ameandika, huyo."

Jiwe linazunguka, cheche zinaruka kwenye giza linaloanza. Kisu cha nane. Bi Kengele amekunja uso kwa maumivu, mkono mmoja umeshika shati la mumewe. Mara anavuta pumzi na kuita, kwa nguvu zote, "Visu! Mapanga! Mikasi!" Makali anaacha kunoa, lakini miguu inaendelea na pedali. Hageuki.

Lango linafunguliwa. Ni jirani, ana panga butu mkononi na mshangao usoni.

"Kumbe mmesharudi kazini?"

"Bado," anajibu Bi Kengele. "Tuko njiani. Lete hilo panga, liwe la tisa."