Machi, Juu ya Barafu

Barafu ya ziwa ikianza kulegea hulia. Ni mlio mrefu, mzito, kama mlango wa chuma unaoburutwa chini ya maji. Machi ile, nikiwa binti wa miaka kumi na mmoja, niliusikia kutoka dirisha la nyumba yetu ya ughaibuni, karibu na mji wa Roseville, nikashindwa kutulia. Hakuna aliyetulia nyumbani. Baridi ilikuwa imetufungia ndani miezi mitano, na Papa, aliyekuwa akifua mashuka hospitalini Maplewood, alikuwa amepata gari letu la kwanza tangu tutoke kwetu Uvira. Kila jioni alilizunguka akilipapasa kama ng'ombe wa mahari.

Wiki hiyo mwalimu alitusimulia habari za Ate, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, ambaye miguu yake laini haikanyagi ardhi bali vichwa vya watu. Akishampitia mtu, huyo hukimbilia maangamizi yake akidhani ni ushujaa. Nilicheka pamoja na wenzangu.

Jumamosi tulishuka ziwani kwa gari. Wavuvi walioendesha magari juu ya barafu Januari nzima walikuwa wameshaondoka. Papa alisimama akitazama alama za matairi yao. Nikamwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikisikia tu bila kukijibu, "Papa, baba za wenzangu wote wameendesha hapa. Wewe unaogopa?"

"Baba Furaha," Mama akasema, "tangu jana inalia."

"Ni dakika mbili tu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Aliingia garini, akaliendesha juu ya barafu hatua thelathini hivi, akapiga honi, akatupungia mkono. Kisha pua ya gari ikainama taratibu. Alitokea dirishani, akatambaa kwa tumbo hadi ukingoni, suruali imeganda, meno yanagongana. Mama alimfunika kwa kitenge chake. Mwaka mzima Papa alipanda mabasi mawili kwenda kazini, wala hakunilaumu hata mara moja.

Siku hizi akiwasimulia wageni kisa hiki hucheka, husema alikuwa mjinga. Majuzi nikamwambia, "Papa, mimi ndiye niliyekuchokoza."

"Nakumbuka," akasema. "Lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwangu."

Utotoni nilingoja anigombeze ili nipumzike. Leo nina kazi yangu katika mji wa Saint Louis Park, nina gari langu, yeye ana mvi, na bado nangoja.