Solo ya Rock Kwenye CD Iliyokatwa

Walisema mambo matatu sitayaweza: kumaliza chuo China, kula kwa vijiti na kupiga gitaa. Diploma ipo ukutani sebuleni kwangu, mgeni anaiona kabla hajaonyeshwa kiti. Vijiti nilivimudu wiki ya pili. Habari ya gitaa naieleza mwenyewe, maana wanaoisimulia mtaani wanaipunguza.

Nyumbani kila mtu anamjua yule mpiga solo mkongwe wa muziki wa dansi. Waliomfuata wote wanamwiga, hata wanaobisha. Wachache tu walikumbuka kwamba ujanani alipiga rock, nywele zake zikiwa kama mwavuli, na nyimbo zile hazikupatikana popote, hata mtandaoni. Mimi nilizipata Guangzhou. Nilikuwa soko la nguo la Shisanhang nikimtafsiria bei mama mmoja wa Kariakoo anayenunua jinzi, nikaona meza ya CD kuukuu. Zilikuwa zimekosa wanunuzi Ulaya, zikakatwa ukingoni kwa msumeno na kuletwa China kama taka za plastiki, lakini laoban mwenye meza alikuwa anaziuza. Kwenye jalada moja nikauona mwavuli ule.

Nilisikiliza wiki nzima. Wimbo wa mwisho ndio ulionimaliza. Katikati ya solo alirudia noti nne mara kumi na moja, bila kupumua, kisha akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Nikasema, dansi ilimtuliza tu mtu huyu.

Nikaamua kuipiga, na gitaa sina. Nikakopa pesa za kulinunua kwa watu watatu: mama wa jinzi, mwenzangu wa bwenini kutoka Nairobi, na mzee wa Kikongo mwenye mgahawa Huanshi Zhonglu, ambaye zamani alipiga besi. Mama akaweka sharti.

"Mwanangu, utapiga kwenye sherehe yetu ya kufunga mwaka. Ukituaibisha, gitaa linaingia kwenye kontena na jinzi zangu, likauzwe Kariakoo."

"Na hivyo vidole vya kukunia nazi," mwenzangu akadakia, "mathe, we tenga nafasi mapema."

Nilifanya mazoezi miezi mitatu. Nilihesabu zile kumi na moja kwa kisigino, mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kama nimefungua karakana. Gitaa lile lilikuwa limeshakuwa langu moyoni, na sikukusudia lisafiri na suruali.

Siku ikafika, Jumapili mchana, mgahawani kwa mzee. Nilipoanza kurudia noti nne, watu wakageuka kunitazama. Mara ya sita mzee akaweka sahani chini. Mara ya tisa alikuwa ameshika meza, anacheka. Nilipomaliza akaja akifuta macho.

"Petit, mdogo wangu, hii umejifunzia wapi?"

"Kwenye CD, mzee."

"Imekatwa?"

"Kidogo tu, ukingoni."

"Wimbo wa mwisho unakaa huko huko ukingoni. Santuri ya huyu tulikuwa nayo Lubumbashi. Alirudia mara mbili. Hizo nyingine ni CD imekwama."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenzangu alilala juu ya viti viwili.

"Kontena linakwenda bandarini Huangpu Alhamisi," mama akasema, akanyoosha mkono kulichukua gitaa.

"Ngoja, mama," mzee akasema. "Wewe unajua ugumu wa kukwama mara kumi na moja bila kukosea hata noti moja? Kwetu hiyo ni sebene." Akatoa besi yake nyuma ya friji, akaniambia, "Kwama tena. Usiruke mpaka nikuambie."

Nikakwama. Mzee akaingiza besi chini yangu, na dakika ya pili viti vilikuwa vimesogezwa ukutani. Mama mwenyewe alicheza akiwa amekumbatia mkoba. Chakula kilipoa.

Tangu hapo nilipiga pale kila Jumapili, na harusi za wafanyabiashara nazo zikaja, nikilipwa kama fundi mwingine yeyote. Muhula uliofuata niliwalipa wote siku moja. Mzee alinipa chai. Mwenzangu alizikagua noti kwenye mwanga wa dirisha. Mama nilimkuta ghalani, amekalia mafurushi. Akahesabu, akafunga mkoba, akanitazama kwa huzuni kidogo.

"Umelipa, mwanangu, nashukuru," akasema. "Ila mteja wa Kariakoo alishanitumia nusu ya pesa ya gitaa."