Betri Iliyoanikwa Juani

Juzi nilikuwa kwenye gereji moja hapa Shinyanga, akaingia mzee amekumbatia betri. Gari lake kaliwekea kitanda nyuma, hulala humo akizunguka minadani. Kesho yake alitakiwa kumchukua bintiye hospitali ya Kolandoto, kajifungua mapacha, na gari haliwaki.

"Fundi, nimeianika juani siku tatu, wapi!"

Gereji nzima ikacheka, na mimi nikiwemo.

Fundi akafungua vifuniko, akachungulia. "Shikamoo mzee. Kuanika ni kwa betri za redio. Hii inakunywa maji, na humu mmekauka. Hukuambiwa?"

"Marahaba. Ng'ombe nikimnunua, naambiwa anakunywa wapi. Aliyeniuzia hii alifunga mdomo!"

Kicheko kikakatika. Fundi alikuwa na betri mpya rafuni na angeweza kumuuzia. Badala yake akajaza maji ya betri, akaiweka chaji. "Njoo saa kumi. Na kila mwezi uichungulie."

Saa kumi gari likaunguruma, mzee akaondoka anaimba.

Mimi nilibaki na hasira. Sukari imeadimika, sabuni imeadimika, sawa. Hata maneno mawili ya kumweleza mnunuzi nayo tunasubiri mgao?