Mama Mjane Anatushikia Nyumba, Nasi Tulikuwa Tukiigiza Filamu

Makamaradi wenzangu, ninyi mnaopigania haki ya kila familia kulala chini ya paa lake, nisikilizeni leo bila kunipigia makofi. Admin, ficha jina langu, maana chuoni kwetu sauti yangu inajulikana kuliko uso wangu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Bukavu, na naongoza klabu ya wanafunzi ya kuchambua filamu. Mwezi uliopita nilisimama ukumbini nikanguruma: "Filamu za mapenzi zinatuuzia nyumba kwa jina la moyo!" Niliwaeleza mtindo wake: msichana anarithi nyumba mbovu, mwanamume mtanashati anakuja kuinunua, wanagombana mlangoni, wanapaka rangi na kupanda bustani pamoja, wanamalizia kwa busu barazani. Nani alifukuzwa ili bustani ile ipandwe? Nani alibeba yale matofali? Ukumbi ulisimama. Kisha binti mmoja wa mwaka wa kwanza akainua mkono: "Mais présidente, kama ziko mubaya hivi, we uliziangalia zote juu ya nini?" Walicheka sana. Nikajibu kwamba daktari hana budi kuujua ugonjwa.

Nilidanganya. Nazipenda filamu hizo kwa njaa. Nalipenda hasa tukio lile ambapo wapendanao wanaingia katika nyumba tupu, sauti zao zinarudi kutoka ukutani, na mmoja anasema, "Kitanda kitakaa hapa." Kwetu Kadutu tunalala watu wanane katika vyumba viwili. Godoro langu hukunjwa kila asubuhi ili meza ipate nafasi. Sijawahi kusema "hapa" kuhusu kitanda changu.

Ndipo siku moja, mimi na mpenzi wangu, mwanafunzi wa uhandisi, tulikuwa tukitembea upande wa ziwa tukauona ukuta mmoja. Mjini kwetu, kwa hofu ya matapeli, kuta nyingi huandikwa kwamba parcelle, yaani kiwanja na nyumba yake, haiuzwi. Ukuta huo uliandikwa kwamba nyumba inauzwa. Nikamvuta mkono.

"Tuingie. Tujifanye wachumba."

"Chérie, na akituuliza maulizo?"

"Nitajibu mimi."

Mwenye nyumba ni mama mjane, umri wa nyanya yangu. "Karibuni, bana bangu," alisema, kana kwamba tu wanawe, akatupitisha chumba kwa chumba. Kile cha nyuma kinatazama ziwa. Nikasimama dirishani, nikaweka mkono ukutani kama waigizaji wangu, nikasema: "Hapa ndiyo mutoto wetu wa kwanza ataamukia." Machozi yakanitoka, wala sikuyalazimisha. Yule mama akanishika bega.

"Nilizalia bana bane mu hii chumba," akasema. "Batu banakuyaka, banagongagonga ukuta, banauliza bei. We peke yako uliangalia fasi ya mutoto."

Pale ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikaongeza kwamba tonton, yaani mjomba wangu, yuko Ulaya na ndiye atakayelipa. Mama akatupikia bugali na sambaza, dagaa wa ziwani kwetu. Tulikula, tukaachiana namba za simu. Njiani tukirudi tulicheka, nami ndiye niliyecheka zaidi.

Wiki iliyopita alinikuta sokoni, mbele ya wenzangu wawili wa klabu, akanifungulia mikono: "Muke wa nyumba yangu!" Akanieleza kwa furaha kwamba mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Luhwindja alikuwa tayari kununua siku ileile, abomoe ajenge depo la bidhaa. "Nilimukatalia. Nikamuambia, hii iko na benyewe, iko ya bana bangu. Akaenda kununua kwingine." Ameshawagawia majirani masufuria yake, amebakiza moja. Anahamia kisiwa cha Idjwi kwa dada yake, ambaye haoni tena na hana wa kumpikia. Anasubiri tu sisi tulipe ili apande mashua.

Na mimi, makamaradi, mimi ninayewanyima maprofesa nafasi ya kuvuta pumzi, nilisema: "Asante, maman." Basi. Wenzangu wakanipongeza kwa uchumba.

Nilimweleza mpenzi wangu jioni ileile. "Twende tumuambie ukweli," akasema.

"Atatuona sawa bawizi."

"Na sasa tuko nini?"

Nikampa wazo ambalo nalionea haya kuliko uongo wa kwanza: nimpigie mama simu, nilie, niseme uchumba umevunjika. Atanihurumia. Ataniombea. Hatanidharau. Mpenzi wangu akauliza: "Kwa hiyo unaniacha, juu tu maman asikukasirikie? Uko unatafuta mwisho wa filamu, chérie. Ule maman iko anatafuta munuzi."

Tangu jana hajibu ujumbe wangu. Nimewahubiria ninyi kwamba mnyonge huumizwa na wenye fedha. Mama huyu ameumizwa na mimi nisiye na kitu, kwa starehe ya alasiri moja, kwa sababu nilitaka kujua ladha ya neno "hapa". Nikikiri, jina langu litaburutwa chuoni, na kila nitakalosema kuhusu haki litachekwa. Nikilia kwenye simu, nitabaki msafi, naye atabaki na sufuria moja, akiwaombea watu wawili wasiokuwapo.

Nishaurini, nifanye nini? Msinionee huruma, wala msinijibu kwa nadharia. Nipeni maneno ambayo mtu anaweza kuyatamka mbele ya mama kama yule.

Nijibuni upesi. Leo mama amenipigia simu: ameshawaalika waumini wa shirika lake la kanisa waje kutubariki, nasi tuje na wazazi wa pande zote mbili, ambao hawajui lolote. Mkutano ni nyumbani kwake, Jumamosi hii, saa tisa alasiri.