Wimbo Niliomficha Baba

Baba yetu alivunja mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Kakontwe, hapa Likasi, mpaka mgongo ukamkataa, na Jumapili alikuwa shemasi. Mdogo wake alikuwa mpiga gitaa wa baa. Alikunywa mpaka ini likamwishia, na baba ndiye aliyemzika. Tangu mazishi yale alitangaza kwamba hakuna mtoto wake atakayeimba mahali panapouzwa bia. Watoto wenyewe tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Mama alitutoka mapema.

Sauti ya mdogo wangu ilijulikana kanisani tangu utoto. Alipofikisha miaka kumi na saba, bendi moja ya arusi ikamwomba aimbe. Akanijia kwenye cherehani yangu, akaniita yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu.

"Yaya, Jumamosi useme niko na weye, najifunza kushona."

Nikasema. Baba hakuuliza kitu.

Baada ya arusi nyingi, mwenye studio mmoja wa Lubumbashi akamwita arekodi. Nilimwambia baba tunakwenda Kapolowe, mji wa njiani, kununua mahindi. Tulipokuwa tukirudi ilibidi tushuke Kapolowe kweli, tununue gunia, tusije tukaingia nyumbani mikono mitupu. Wimbo wenyewe ulihusu mwanamke anayegombania bei ya samaki wa ziwa Tshangalele. Aliuimba kwa Kiswahili chetu juu ya mdundo wa Afrobeats, na haukupita muda vijana wa Lagos wakawa wanaucheza kwenye simu zao bila kuelewa hata neno. Mwimbaji mkubwa wa huko akamwalika waimbe pamoja. Akapanda ndege, nami nikamwambia baba amepata shule ya ushonaji Nairobi.

Nikaishi hivyo miaka minne. Redio ikianza wimbo ule, naizima. Watoto wa jirani wakiuimba uani, mimi naanza kuongea kwa sauti kubwa juu ya bei ya unga. Mdogo wangu alikuwa akijaza kumbi za Paris, nami namtazama jikoni, simu nimeinyamazisha.

"Kushona kunaendelea?" baba aliniuliza kila mwezi.

"Kunaendelea, baba."

Na usiku huo nashona mpaka alfajiri.

Basi Jumamosi moja mchana, mwenzake baba wa zamani wa machimboni akaingia uani na simu mkononi. Hata hakungoja kiti.

"Mzee! Mutoto yako iko naimba ku London! Batu bamejaa mpaka inje!"

Nilikuwa napiga pasi shati la mteja. Pasi niliisahau palepale, mpaka harufu ya kuungua ikanishtua.

Baba aliichukua simu, akatazama mpaka mwisho. "Njo yeye, ni yeye kabisa," alisema. "Lakini hapa mwisho anapiga kelele. Ku kwaya haimbaka hivi."

Mgeni alipoondoka nilipiga magoti mbele ya baba. "Baba, nilikudanganya."

"Najua. Ile arusi ya kwanza miye pia nilikuwa kule, nyuma ya turubai. Bwana arusi alikuwa mutoto ya mwenzangu mwingine wa kazi."

"Sababu gani haukusema kitu?"

"Ningesema, ningepaswa kumukataza. Na nilikuwa nimemusikia akiimba. Nikangoja weye mwenyewe useme."

Kisha akauliza swali ambalo, nilikuja kuelewa, alilala nalo miaka yote ile: "Anakunywaka?"

"Hapana, baba. Hata tone."

Mabega yake yakashuka. Akatoa leso akajifuta uso, akajifuta tena, akasema jua ni kali, na sote wawili tulikuwa kivulini.

Tukampigia mdogo wangu. Alipopokea, baba akamwuliza kwa sauti ya shemasi: "Ku ile shule, umeshona kanzu ngapi?"

Halafu nikasikia mdogo wangu akipiga ukelele, akicheka, akilia, akiita "Papa! Papa!" kama mtoto. Baba akamwambia asali kabla ya kupanda jukwaani, apunguze zile kelele za mwisho, na aje nyumbani Krismasi.

Mteja nilimshonea shati jipya badala ya lile lililoungua. Kesho yake, tulipotoka kanisani, nilijilaza kidogo nikisema nitaamka nipike. Niliamshwa na baba jua likizama. Alikuwa amepika bukari, ugali wetu, yeye mwenyewe, ina madonge, nami nikala yote.