Kopo la Biri

Mama mkwe wangu hakulia msibani, na watu hawakumsamehe. Alikaa kwenye kochi, mikono juu ya magoti, kila aliyempa pole akamjibu "asante" kama mtu anayepokea chenji dukani. Mawifi zake walinong'onezana kwamba ana roho ngumu. Mimi nilikuwa mjamzito, miguu imevimba, sikuwa na nguvu za kugombana na mtu, ila nilitamani kuwaambia wafunge midomo yao.

Kesho yake alifua mashati yote ya marehemu. Baba mkwe alikuwa mhudumu wa baa ya hoteli, na maisha yake yote ya kazi alirudi nyumbani akinuka biri, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku yaliyoviringwa ambazo wageni wake walizivuta. Yeye mwenyewe hakuvuta. Mama naye alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli hiyohiyo, na harufu ile aliiona ni tusi kwa kazi yake. "Unaniletea nyumbani mapafu ya watu," alikuwa akimwambia. Shati lilivuliwa mlangoni na kwenda moja kwa moja kwenye beseni. Basi siku ile alifua kwa mazoea tu, akaanika, akapiga pasi, akayatundika kabatini. Nilimwambia apumzike.

"Nipumzike nini, mwanangu?" akasema, akigeuza kola. "Sichoki. Sisikii chochote."

Alichoacha mzee ni kopo. Baa ilipofungwa waligawana vilivyobaki, yeye akaambulia biri chache. Sanduku la kuzitunzia, lile la mbao lenye kipimo cha unyevu, lilichukuliwa na meneja, ambaye nasikia anawekea soksi. Mzee akatafuta kopo kubwa la aiskrimu, akalisugua mpaka harufu ya vanila ikakata tamaa, akatandika ndani kipande cha ubao wa mwerezi alichookota stoo. Kwenye kona akaweka kifuniko cha chupa chenye sponji ya kuzipa biri unyevu. Na masharti yake: maji yawe ya kuchemshwa na kupoa. Sponji ikamuliwe mpaka isidondoshe maji, wala isiguse biri. Kopo likae chini ya kitanda, jua lisikofika, na kila wiki lifunguliwe kidogo, biri zigeuzwe. Nilikuwa namtania kwamba sijui kama mjukuu wake atalelewa vizuri hivyo. Maana alikuwa akizitunzia huyo mjukuu: siku atakayozaliwa, yeye na mwanawe wangekaa barazani na kuvuta kama mabosi.

Hakufika. Hospitalini, pumzi zikiwa zimebaki chache, alimwambia mkewe, "Zisikauke." Basi. Wajane wenzake huachiwa mashamba.

Mama akalichukua neno hilo kama zamu ya kazi. Alifungua, akageuza, akafunga, bila uso wake kubadilika. Kisha yakaingia majira ya ukavu, midomo ikatupasuka, na siku moja alipobonyeza biri ikalia kama jani kavu. Hakuniambia. Akafanya kile mikono yake inachokijua. Mpiga pasi akikuta shati limekauka kupita kiasi, hulinyunyizia maji, hulikunja, hulifunga ndani ya taulo na kulitia kwenye mfuko wa plastiki, unyevu utembee mpaka kwenye mishono. Hapo pasi inateleza yenyewe. Basi na biri za mumewe akazifanya hivyohivyo: maji, taulo safi, mfuko, fundo.

Nilimkuta ameketi sakafuni, taulo limefunguliwa mbele yake. Biri zilikuwa zimevimba na kupasuka, majani ya nje yameachana, na ukungu umeota manyoya juu yake.

"Alisema biri hainyweshwi maji, inanusishwa tu," akasema. "Nilimsikia kabisa, kwa masikio yangu. Nami nimeziandaa kwa pasi."

Nilitaka kucheka. Halafu nikautazama uso wake, sikuona huzuni wala hasira, ulikuwa mtupu kama nyumba iliyohamwa. Uliniogopesha kuliko kilio.

Nikalivuta kopo, nikainua ubao. Chini yake, imejibana kwenye pembe, ilikuwepo moja ambayo hakuiona. Ilikuwa kavu lakini nzima. Tukaweka sponji mpya, maji kidogo sana, tukasubiri. Kila asubuhi aliibonyeza kwa kidole gumba, kisha akalitazama tumbo langu.

"Mwambie huyo asichelewe," alisema.

Nikajifungua mtoto wa kike. Jioni tuliporudi nyumbani, mume wangu alioga, akavaa vizuri, akaenda kukaa barazani na ile biri, mama yake pembeni. Mimi nilibaki ndani na mtoto, nikiwachungulia kwa kioo cha dirisha. Njiti ya kwanza ikazimika, ya pili ikashika, naye akakohoa mpaka akainama.

"Mama, hiki kitu kinavutwaje?"

"Usimeze moshi. Baba yako alikuwa akiwacheka wanaomeza."

Moshi wa pili ukamfikia Mama puani. Nikamwona anasimama, mkono umeshika nguzo, hasogei. Kisha akaingia ndani, akanipita, akaenda chumbani. Nikadhani sasa analia. Nilitamani alie, kwa kweli, niliomba kabisa.

Akatoka na shati jeupe la kazi la marehemu, liko kwenye hanga, limenyooka halina hata kunyanzi. Akalitundika kwenye mgongo wa kiti, karibu na mwanawe, naye akaketi upande wa pili.

"Puliza huku," akasema.

Mume wangu akamtazama.

"Kwenye kola. Halafu na kwapani. Usiharakishe, ndiyo hiyo moja tu."

Akapuliza mpaka biri ikamuunguza vidole, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemuuliza kama ni ya moshi. Mama hakupangusa kitu machoni pake. Alilikunja shati taratibu, mikono kwa ndani, kama alivyokuwa akikunja ya wageni wa hoteli, akaja kulitia ndani ya lile kopo na kubana kifuniko pande zote. Akanigeukia.

"Hili lisifuliwe," akasema.