Nyenje wa Ukuta wa Jikoni

Chumbani kwetu kulikuwa na shimo. Usishangae, katika mtaa wetu wa Kolwezi, nyumba zisizo na shimo zilikuwa chache. Mume wangu alivunja sakafu pale kilipokuwa kitanda, akawa anashuka na nyundo na burini, ile patasi ya kupasulia mwamba, kutafuta madini. Sisi tukahamia kulala sebuleni kama wageni.

Mdogo wake ndiye aliyekaa juu kuvuta kamba. Mimi nilikuwa na njia yangu ya kujua mambo ya chini. Jioni za joto, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, vyura walipiga kelele kwenye madimbwi nyuma ya choo, kumbikumbi wakatoka ardhini, na nyenje wakaimba katika nyufa za ukuta wa jikoni, uliopakana na chumba kile. Nyenje ni mwoga. Nyundo ikigonga chini, hata sisi tusiposikia kitu, yeye hunyamaza. Mume wangu alipoacha kazi ili apande, waliimba tena. Hapo ndipo nilipotia unga kwenye maji yanayochemka, naye alipomaliza kunawa alikuta bukari ya moto na sombe, majani ya muhogo.

"Sikio hailale na njaa," alinitania, "lakini ya kwako, mama, inakula mara tatu!"

Sikumwambia siri yangu. Niliona raha kusifiwa.

Siku ile mdogo wake alikuwa ameenda matangani Lubudi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

"Tata, budongo iko na mayi," nilimwambia mume wangu. "Acha leo."

"Mi nashuka kidogo tu. Mbele ya giza niko hapa."

Jua lilikuwa bado halijazama nyenje walipoanza. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilisema moyoni, leo amenisikia, anapanda mapema. Nikasonga bukari, nikaifunika kwa sahani, nikaweka maji ya kunawa, nikaketi kwenye kibao karibu na mbabula kuota moto. Nyenje waliimba vizuri ajabu. Jirani alipita akaniuliza mbona natabasamu peke yangu.

Alipokawia nilikasirika, maana sipendi chakula kipoe. Nikaenda chumbani nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni. Shimo lilikuwa limejaa udongo hadi nusu. Udongo uliolowa hauna kishindo, unateremka tu.

Nilipiga mayowe. Wanaume wa mtaa walikuja na majembe, ndoo na mikono mitupu, na hawakukawia kumfikia. Alikuwa ameshakufa.

Matangani mama mmoja alisema tamaa mbele, mauti nyuma. Tamaa gani? Tulikuwa tunatafuta unga. Nilimfukuza mbele ya watu wote, na mpaka leo sijamwomba msamaha wala sitamwomba.

Lakini yule aliyeniumiza kweli alikuwa mtu mwema. Ni mchimbaji mmoja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika mume wangu kule chini. Aliketi karibu nami kwenye mkeka, akaongea kwa sauti ndogo.

"Mama, usilie sana. Hakukawia mule. Wakati tulimufikia, mwili yake ilikuwa ingali na moto."

Nilimshukuru. Alidhani ananifariji, maana yeye hakujua nilikaa muda gani kwenye kile kibao tangu nyenje walipoanza kuimba.